Mayai Mawili kwa Siku, Yameliwa

Jumatatu, 3 Machi

Kilo tisa zimeondoka tangu nianze sindano ya kupunguza mwili. Tisa! Nimeteremka kwenye mzani wa kliniki kwa madaha kama bibi harusi. Sketi nimeifunga kwa pini mbili, na pini nimeziacha zionekane makusudi.

Nesi hakupiga makofi. Alinipa kile kidude cha kupimia nguvu, cha kubana kwa kiganja, nikabana kwa mkono wa kulia mpaka macho yakanitoka. Kumi na tisa. Mwezi uliopita ishirini na nne. Akasema sindano inafukuza njaa, na mtu asipokula vizuri mwili unamaliza mafuta na misuli pamoja. Nile mayai mawili kwa siku, maharagwe, samaki. Ninyanyue vitu vizito. Kanipa karatasi ya kujaza ninachokula kila siku. Baada ya wiki mbili nisipofika ishirini na mbili, sindano inasimamishwa.

Kusimamishwa! Na wifi yangu, dada wa mume wangu, anachomwa sindano hiyo hiyo, na kazini kwa dobi tunapiga pasi meza moja. Yeye kabana ishirini na saba. Hakuniambia mimi. Aliwaambia wote waliokuwepo, pamoja na mteja aliyeleta mapazia.

Jumanne, 4 Machi

Nimechemsha mayai mawili. Nimeyatazama, yakanitazama. Hamu sina hata chembe. Bonge, mwanangu wa mwaka mmoja na nusu, akaachama kama kinda la ndege. Mama gani atashika yai mbele ya mdomo ule asilitoe? La kwanza likaenda. La pili likamfuata mwenzake.

Nimeandika kwenye karatasi: mayai mawili, yameliwa. Si uongo. Yameliwa kweli. Karatasi haikuuliza na nani.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi! Chupa mbili kubwa zilizojaa maji. Nimenyanyua mara nne nikaona nyota. Nikamwaga maji kidogo. Mara saba. Nikamwaga tena. Kufika jioni nanyanyua mara thelathini na mkono hautetemeki! Baba Bonge akapita, akauliza mbona nahangaika na chupa tupu. Nikamjibu kila mtu na hatua zake. Akaondoka akikohoa, na mafua hana.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu. Tunakaa ghorofa ya tatu. Nimetoka sokoni, kikapu mkono wa kulia, Bonge kiunoni kushoto. Ghorofa ya pili nikatua kikapu, nikakaa kwenye ngazi. Wifi akatokea nyuma. Lete mtoto wetu hapa, wifi, akasema, wewe siku hizi umebaki henga ya nguo, hata koti linakulemea. Akambeba kwa mkono mmoja, akapanda anaimba.

Bonge akanipungia mkono kama msafiri anayeaga. Hapo ndipo paliponiuma. Kilo ziende zote, lakini mwanangu nimbebe mwenyewe.

Nimeapa: ngazi zile hapandishwi na mtu ila mimi.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya nne nampandisha. Mara mbili kwa siku, kushoto, kwa sababu kulia ni mkono wa kikapu. Kila ghorofa nasimama najifanya nafunga kamba za viatu. Leo Wifi kauliza kwa sauti ya upole kamba zipi, na mimi nimevaa ndala.

Mayai bado anakula Bonge. Siku hizi anaanza kusimama mlangoni mwa jiko maji yakiwa hayajachemka. Leo nimejaribu kung'ata kidogo tu. Kanitazama kama nimemwibia.

Jioni Wifi kaleta bakuli la maharagwe. Kasema utani pembeni, kula wifi yangu, unanitia wasiwasi. Nimemshukuru. Mpelelezi huyu! Maharagwe kala Bonge.

Jumapili, 16 Machi

Nimegundua! Tatizo langu si nguvu. Ni utelezi. Nimefunga unga kidogo kwenye leso. Kesho nitapaka viganjani kabla ya kubana. Akili ninayo, shukrani kwa Mungu.

Jumatatu, 17 Machi

Nesi kauliza kama nimetoka kukanda mikate. Kaninawisha mwenyewe kwa sabuni, mbele ya Wifi.

Mkono wa kulia: kumi na tisa. Nesi akachukua kalamu. Nikamshika mkono, nikamwomba ajaribu na wa kushoto. Nikafikiria zile ngazi, nikabana.

Ishirini na tatu!

Akadhani kidude kimeharibika. Tukarudia. Ishirini na tatu! Wifi akainuka kwenye benchi kuja kusoma namba mwenyewe. Laiti ningekuwa na picha yake.

Kisha nesi akampima uzito Bonge, niliyekuja naye. Kaongezeka karibu kilo nzima. Nesi akaangalia karatasi yangu, akamwangalia Bonge, akauangalia mkono wangu wa kushoto. Akauliza mayai haya anakula nani. Bonge kusikia mayai, akaachama.

Nesi alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akaacha kucheka. Akasema mkono mmoja haubebi mwili mzima. Ananipa wiki mbili nyingine, dozi haipandi, na mayai niyale mimi. Akatoa yai kwenye chakula chake, akanisimamia mpaka nikamaliza. Bonge alilia korido nzima.

Njiani Wifi kauliza siri ya mkono wa kushoto. Wifi! Ananiuliza mimi! Nimemwambia ni nidhamu.

Jumanne, 18 Machi

Nimekaa nikapiga hesabu vizuri, maana nesi ana wagonjwa wengi hana nafasi ya kufikiri. Mkono wa kushoto umepata nguvu kwa kumbeba Bonge. Bonge kapata uzito kwa mayai. Basi dawa inajulikana.

Kuanzia leo nambeba kulia. Na mayai nimeongeza.

Kwenye karatasi mpya, kwa mwandiko safi: mayai matatu, yameliwa.