Meli ya Mjerumani Yafika Vudee

Rodrick wa stendi ya Same alizamia majini mara moja tu maishani, akaona inatosha kujiita mtaalamu. Kwa hiyo siku mtungi wa hewa, miwani na mapezi ya miguuni vilipomwangukia mikononi huko Tanga, kwa njia ambayo sisi wastaarabu hatutaiuliza, alijua riziki imefika. Akapanda Vudee kwa Mama Koleta, mjane mwenye fahali mnene kuliko wote mlimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni gesi ya kupikia?"

"Ni hewa, mama. Nazamia nayo meli ya abiria ya Mjerumani iliyozama huko Tanga. Viti vya mahameli! Masanduku ya matajiri hayajaguswa!" Akatoa kijiko cha shaba alichokinunua mnadani. "Hiki nilikikuta mezani, kinasubiri supu. Nimepungukiwa boti tu. Nipe fahali, dhahabu tugawane."

Mama Koleta akakigeuzageuza kijiko. "Kumbe ndiyo meli ile! Babu alimbebea mzigo abiria mmoja aliyenusurika. Vita ikawakuta hapa, wakalitumbukiza sanduku kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Liko palepale kwenye tundu la kutolea maji, chini ya tope na mawe. Nani alifikie? Sisi hatuna hewa ya mtungi."

Rodrick aliitunga meli ile njiani, akiwa juu ya bodaboda. Alipaswa kucheka. Badala yake, mate yakamjaa.

"Fahali atasubiri," akasema kwa ukarimu. "Sanduku kwanza."

Asubuhi akazama. Ukingoni walijaa watu wenye majembe, naye akadhani wamekuja kumshangaa. Akafukua tope, akabingirisha mawe, akang'oa kisiki. Kila akiibuka wanamshangilia: "Bado kidogo, mtaalamu!" Jiwe la mwisho lilipotoka, maji yakanguruma, yakaporomoka mferejini kuelekea kwenye mahindi yaliyonyauka. Vigelegele vikapigwa. Rodrick akabaki amekaa kwenye tope, mapezi juu.

"Sanduku liko wapi?"

"Limo kwenye meli yako," Mama Koleta akajibu kwa upole. "Mahindi yalikuwa yanakufa, mwanangu. Tumechokoa tundu hilo kwa miti mpaka tumechoka. Leo ilikuwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na umeimaliza peke yako."

Mzee Elibariki, msimamizi wa ndiva, akakohoa. "Ila ameingia na viatu. Kwa mila yetu, faini ni mbuzi."

Rodrick hakuwa na mbuzi. Wakachukua mtungi, miwani na hayo mapezi, kisha wakamlisha makande mpaka akashiba. Kwa hasira na aibu akasahau hata kijiko chake.

Haukupita muda, rafiki yake Anderson akamjia mbio pale stendi. "Kuna mama sokoni ana mtungi wa hewa! Anatafuta washirika wa kuzamia meli ya Mjerumani. Mimi nimeshatoa jogoo."

"Ana kijiko?" Rodrick akauliza taratibu.

"Anacho! Na viti vya humo ni vya mahameli nyekundu."

"Nyekundu," Rodrick akarudia. "Mimi wala sikufikiria rangi."