Kwaheri Otomatiki

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua. Kuanzia leo kamera yangu haitafikiri kwa niaba yangu tena. Kwenye otomatiki, yenyewe ndiyo inapanga mwanga na kasi, mimi kazi yangu kubofya tu! Jumapili tunamuaga mama mkwe, anastaafu ukunga. Picha ya siku hiyo itatundikwa sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, ukutani ambako miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuonekana hata ukingoni. Shemeji, kaka wa mke wangu, ameshajitolea kuipiga. Kwa simu! Nimetangaza kwamba picha hiyo ni yangu. Mke wangu ameuliza kama nimewahi kupiga picha hata moja ikatoka. Uchokozi.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi. Kila kitu kwa mkono. Picha ya paka: nyeusi tii. Picha ya pili: nyeupe pe. Kidole kikateleza, kile kigurudumu cha juu ya kamera kikarudi kwenye otomatiki. Paka akatoka safi, hadi sharubu. Aibu gani hii! Nimeifuta kabla mke wangu hajaiona.

Tatizo si mimi, ni kishawishi. Kigurudumu nimekitia gundi ya viatu. Hakirudi nyuma tena, wala mimi sirudi.

Ijumaa, 8 Machi

Siri nimeipata! Sebuleni mwanga ni hafifu, kwa hiyo lenzi ikae wazi muda mrefu na mtu atulie kabisa. Nimekwenda kumfundisha mama mkwe kutulia. Amesema amezalisha nusu ya mtaa huu na hakuna mtoto aliyewahi kumsumbua hivi. Nikamwomba asipumue. Akamwita shemeji anitoe. Mlangoni shemeji akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, kwa nini nisirudi tu kwenye otomatiki. Nimeshamjua. Ananiogopa.

Jumapili, 10 Machi

Kamera niliipanga tangu asubuhi, kwa ajili ya sebule. Saa ya picha ikafika, mama mkwe akasema ndani kuna joto, twende uani. Uani! Jua linachoma! Yote niliyojifunza yakayeyuka. Nikakumbuka moja tu: punguza mwanga. Nikang'oa pazia la sebuleni, likaja na bomba lake, nikawaomba wakunga wenzake walishike juu ya kichwa chake. Nikapanda stuli. Nikapaza sauti watu wasipumue. Mkunga mmoja akapiga chafya. Pazia likanifunika, stuli ikanikana, nikatua kwenye beseni la vyombo.

Picha yangu: weupe mtupu, na katikati kitu kinachofanana na pua.

Jumanne, 12 Machi

Iliyotundikwa ni ya shemeji. Humo mama mkwe anacheka mpaka machozi. Mke wangu anasema hajamwona mama yake akicheka hivyo tangu baba yao afariki. Pembeni, miguu miwili inatoka kwenye pazia. Yangu. Roho iliniuma, sitaficha. Nikasimama pale naitazama.

Halafu nikaelewa. Mwanga aliupanga nani? Mimi. Mama mkwe alichekeshwa na nani? Na mimi! Shemeji alibofya tu. Basi picha ile ni yangu, na nimeipiga kwa mkono! Nimemtumia shemeji ujumbe kumshukuru kwa kunisaidia. Nimemwambia akitia bidii, iko siku nitamfundisha.