Kaburi la Nyuma ya Choo cha Scovia

Alhamisi, 7 Agosti 2025
Wazo limenijia nikipiga mswaki. Joash hupeleka wageni Karungu, walikopita Wajerumani mwaka 1914, na sasa watu wanamwita Profesa. Profesa! Tulimaliza kidato cha nne pamoja, na historia nilimpita. Nitakuwa na uwanja wangu wa vita hapa Kosele. Nyuma ya nyumba ya shemeji Scovia wamechimba choo kipya. Udongo upo tele. Nimeulundika kando ya matuta yake ya viazi uwe kaburi, nikazungushia mawe, nikasimika ubao: MCHUKUZI ASIYEJULIKANA, VITA VYA WAJERUMANI. Scovia ameuliza nani amekufa. Nimemjibu kwamba hii ni historia. Amesema historia isiguse viazi vyake.

Jumamosi, 9 Agosti
Wageni! Walimu wa kutoka Homa Bay, na Mama Bathsheba, bibi mzee wa Awendo. Nimeeleza mizinga. Nimeonyesha hadi upande zilikotoka risasi. Walimu wamepiga picha.

Kisha Mama Bathsheba akavua viatu. Akasema babu yake Ogweno alichukuliwa kubeba mizigo ya wazungu vitani, akapotelea huko. Nyumbani hawajamzika hata kwa yago, lile tunda refu tunalozika badala ya mwili usiopatikana. Ndugu wamebishana kuhusu kumzika tangu enzi za baba yake. Akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, anaweza kuwa huyu?"

Nikasema inawezekana sana. Mungu wangu, mdomo huu!

Amefunga udongo kwenye leso. Amenialika mazishini Jumamosi ijayo.

Jumanne, 12 Agosti
Ugali nimeurudisha jikoni. Huwezi kumzikia mtu udongo wa choo. (Choo hakijatumika. Hata hivyo!) Nimempigia Mama Bathsheba simu nimwambie ukweli. Akasema ng'ombe wa matanga amepatikana. Nikamuuliza ni wa rangi gani. Scovia ananishauri niugue. Joash amesikia, ananiita Daktari wa Makaburi.

Jumamosi, 16 Agosti
Awendo. Nilipanga kumnong'oneza kabla ya maombi. Amenitangulia, akanivuta nyuma ya jikoni.

"Miaka zaidi ya mia, na kaburi lako bado linachipua viazi?"

Akasema ule udongo aliumwaga barabarani siku ileile. Nikamuuliza basi alinialika kwa nini.

"Ndugu zangu wamebishana mpaka wamezeeka. Nilipowaambia kuna mtu anatoka kulikopiganwa vita, wote wakaja. Sasa shika jembe."

Nimechimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Yago likalazwa ndani ya shuka. Mama Bathsheba akainama akasema, "Ogweno, umefika nyumbani." Wale wazee wabishi wakalia kana kwamba walimjua. Hakuna ubao. Hakuna aliyepiga picha. Nami nikalia, na hakuwa hata babu yangu.

Jumapili, 17 Agosti
Nimerudi mtu mpya. Nimeng'oa ubao, nimesawazisha udongo, nimemwomba Scovia radhi. Amenipa viazi. Nimeapa: wafu sitawachezea tena.

Alasiri nimekaa kando ya zizi lake kuvila. Kuna kichuguu pale. Kikubwa, kigumu, chenye matundu yanayoelekea Kendu Bay. Ukikitazama kwa jicho la historia, ni ngome kabisa. Ngome ya Wajerumani! Joash atanikoma.

Na ngome, tofauti na kaburi, haina wajukuu.