Mwakilishi wa Lesotho

Alhamisi, 14 Novemba 2024
Nimeona tangazo getini kwa chuo nilipopeleka maandazi. Jumamosi wanafunzi wa kigeni wanafanya Siku ya Tamaduni. Kila nchi meza moja ya chakula. Mpishi wa meza itakayoshinda anapewa kantini ya chuo. Kantini! Ina paa, maji ya bomba na stoo ambamo Nelly anaweza kulala. Miezi tisa sasa mwanangu analala mgongoni, mimi nikichoma maandazi juani. Nimechoka mpaka kope.

Masudi mlinzi kasema meza ya Tanzania nisiiote, lazima imeshachukuliwa na wakubwa. Sikuuliza zaidi. Nimekwenda kwa Deogratias, Mrundi anayeandikisha, nikamwambia natoka Lesotho. Akaandika! Nimeshtuka ilivyokuwa rahisi.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimesoma habari za Lesotho kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Nimepata mawili: milima, na watu huvaa blanketi. Blanketi ninalo, lile la picha ya chui. Kwenye chakula sikufika. Nitapika michembe kwa karanga. Viazi vikishakauka, nani atajua vilianikwa jua la nchi gani?

Scolastika, mshindani wangu wa maandazi, kapita kuuliza mbona natwanga karanga nyingi hivyo. Nikasema za mtoto. Akasema mtoto wa meno mawili ana kazi kubwa. Sikucheka.

Jumamosi, 16 Novemba
Mungu wangu. 

Jua kali, mimi ndani ya blanketi, Nelly mgongoni. Meza ya pili ni Martina wa Zambia, anakaanga viwavi. Viwavi! Kugeuka, Nelly ana kimoja mdomoni. Huyu anayetema uji wangu! Nikamnyang'anya. Akanyoosha mkono kwa Martina kuomba kingine.

Lakini foleni ilikuwa kwangu. Moyoni nilishatandika mkeka stooni. Ndipo mgeni rasmi akafika, Bibi Mbuke, mzee wetu anayeheshimika. Akanitazama toka blanketi mpaka sufuria. "Mwadila," akasema, taratibu, salamu ya mchana ya kwetu Usukumani.

Magoti yakaenda chini. Sikuyatuma! Nimelelewa hivyo, mkubwa akikusalimu huwezi kusimama kama nguzo. Nikaitikia, "Mwadila, mayu," yaani mama. Akauliza mimi wa kwa nani. Nikataja baba, babu na kijiji, macho chini, bila kuruka hata mmoja. 

"Kumbe Lesotho iko Kagongwa," akasema Bibi. "Na mimi nilikuwa naogopa kufa sijaiona."

Wameniondoa. Nakunja blanketi, ndipo naiona meza ya Tanzania. Mkubwa hata mmoja hakuiomba! Deogratias kasema ilikuwa wazi mpaka leo asubuhi, Scolastika alipopita akaiulizia. Kaweka nini? Michembe. Kashinda.

Jumapili, 17 Novemba
Nimelia kanisani. Watu wakadhani ni mahubiri.

Jioni Scolastika kaja. Nilijiandaa kusimangwa, na kweli kaanza kwa kuniita Mama Lesotho. Kisha akasema kantini ni kubwa, anataka mtu wa kupika naye, na stooni mkeka unaenea.

"Ila aje Mama Nelly," akasema. "Yule mwingine simjui."

 Nimetikisa kichwa kukubali.

Jumatatu, 18 Novemba
Siku ya kwanza. Nelly kalala stooni masaa mawili, mikono kaitupa juu. Nimesimama namwangalia mpaka Scolastika akaniita mara tatu vitunguu vinaungua. Nimeapa kwa huyu mtoto, ujanja basi.

Mchana, nikigawa wali, nimesikia wanafunzi wakisema chekechea ya jirani inatafuta mwalimu wa Kifaransa. Wana vitanda vya watoto, vyenye neti! Nimetoka mara moja kama naenda kutupa maji. Kule chekechea nimewaambia nimezaliwa Lubumbashi, Kongo.

Naanza Jumatano. Bonzhuu naijua. Mengine watoto watanifundisha.