Makufuli Mawili ya Villa ya Al Wukair

Leo aibu imenikuta na bisibisi mkononi, na bado najivunia. Sijui nianze na lipi.

Asubuhi kampuni ilinituma kwenye villa moja huku ughaibuni, mtaa wa Al Wukair, kubadilisha hita ya maji. Injinia wetu, Mkenya mwenzangu, akaja pia kuona kama nafaa kuwa forman, msimamizi wa mafundi. (Miaka sita nimeisubiri siku hii. Hata buti nilipiga brashi.)

Sasa, nyumba ile ina laini mbili za umeme. Moja ya kawaida. Nyingine ya hita peke yake, ina saa yake: mchana inalala, usiku inaamka. Hapo ndipo mafundi huisha. Unazima swichi kubwa, unapima hita, tester inasema hakuna moto, kumbe ile ya pili imelala tu. Ikiamka umeshika waya, kwenu watachanga.

Mimi sidanganyiki. Nikazima zote mbili. Nikapiga kila moja kufuli. Nikapima, nikarudia. Kisha nikamhutubia injinia: ufunguo wa makufuli yote mawili ni mmoja, unakaa kwangu, spea hakuna, hata mwenye kampuni akija hapewi. Akaandika kitu kwenye daftari. Nilipenda sana alivyoandika.

Bila AC, nyumba ikawa tanuri. Nilipoenda kuchukua waya kwenye basi la kampuni, nikavua reflekta, ile fulana ya kung'aa ya kazini, nikaiacha kwenye kiti. Nikarudi, nikafunga hita safi kabisa. Nikaenda kufungua makufuli, nikapapasa mfuko.

Ufunguo ulikuwa kwenye reflekta. Reflekta ilikuwa kwenye basi. Basi lilikuwa limeondoka.

Nikampigia dereva wetu Kato, Mganda mpole.

"Fundi, mimi niko Industrial Area," akasema. "Reflekta yako nimeikalia."

Madam mwenye nyumba na watoto wake wakahamia kwenye gari lao, AC imewashwa, wakawa wananitazama kupitia kioo. Saa nzima na nusu! Nikachokoa kufuli kwa waya. Nikachokoa kwa bisibisi. (Mbele ya injinia, jamani.) Halikutikisika.

Kato alipofika, injinia akaupokea ufunguo, akanitazama.

"Mafundi wengi hufunga kufuli la maonyesho," akasema. "Lako limekushinda hata wewe mwenyewe. Kesho anza uforman."

Akafungua makufuli, umeme ukarudi, kisha akautia ufunguo kamba ya buti, akanivika shingoni. Watoto wakapiga makofi garini.

Basi forman wenu amerudi kambini na ufunguo shingoni kama mtoto wa nasari. Mkitaka kucheka chekeni, ila kwanza mniite bosi.