Miezi Minane na Ng'ombe Thelathini

Alhamisi, 3 Julai 2025
Nimefika Bariadi kwa likizo ya siku kumi. Pamba imejaa kila uani. Kila ninayekutana naye anaulizia ndege. Sijawaambia kwamba ndege yenyewe imenifunga kamba. Kampuni ilinilipia mafunzo ya kurusha ndege yao, nami nikasaini kuitumikia miaka mitatu. Nikiacha kazi kabla ya hapo, nirudishe gharama zote. Mdhamini ni Mjomba Mayige wa Nkoma, kwa ng'ombe wake thelathini. Nimebakiza miezi minane, na kampuni kubwa ya nje inanitaka Septemba! Nimempigia Goodness, rubani mwenzangu tuliyesaini siku moja. Kasema miezi minane si mingi, nivumilie tu. Ndiyo maana hatafika mbali, maskini.

Ijumaa, 4 Julai
Nkoma. Mbinu ya kwanza, safi kabisa. Nimemshauri mjomba awapeleke ng'ombe Lingeka, wakalishwe na rafiki yake Luhende. Kampuni ikija kuwakamata, ikute zizi tupu na kuku watatu. Mjomba kanisikiliza mpaka mwisho huku anachonga mpini wa jembe. Kisha akasema, mwipwa, ng'ombe ukishamkabidhi mtu akulishie, humwondoi kesho yake. Mlishaji lazima kwanza anywe maziwa, ndiyo heshima ya kazi yake. Akaongeza kwamba hata kampuni yangu imenilisha, niiache nayo inywe. Nilikwenda kuomba msaada, nikapewa mahubiri. Mkewe kanifungashia michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa.

Jumapili, 6 Julai
Kanisani nimepata mwanga! Mkataba unasema rubani akiacha kazi atalipa. Hausemi kitu kuhusu rubani anayeogopa. Wakiniondoa wenyewe kwa kutofaa, kamba imekatika na ng'ombe wamepona. Nimemwandikia mkuu wetu wa marubani, Kapteni Marcelo, kwamba tangu Mei nimeanza kuogopa kwenda juu. Nimeeleza jasho, magoti, kizunguzungu. Nimeisoma barua mara mbili, nikajionea huruma mwenyewe. Goodness kaniuliza kama nimesoma kipengele cha kumi na moja. Nimemjibu kwamba vipengele ni vya watu wenye akili za polepole.

Jumanne, 8 Julai
Jibu! Kapteni Marcelo ameguswa sana. Anasema rubani anayekiri woga wake ni hazina, hawezi kukubali aende. Kampuni itanipeleka nje wiki sita kwa mkufunzi bingwa wa kuondoa woga, gharama zote juu yao. Furaha yangu imeishia aya ya pili. Kipengele cha kumi na moja: mafunzo mapya, miaka mitatu mipya, kuanzia siku nitakayorudi. Nikikataa mafunzo, nimeacha kazi. Jamani! Nilibakiza miezi minane! Nimekaa juu ya lundo la pamba la mama nikalia kidogo. Halafu fomu inataka mdhamini upya.

Jumatano, 9 Julai
Nkoma tena. Mjomba kacheka mpaka akaweka jembe chini. Kisha akakubali kunidhamini, ila na yeye ana mkataba wake. Kila likizo, kwa miaka hiyo mitatu, nitachunga ng'ombe wake wote. Anasema ndio wanaobeba deni langu, basi angalau wanijue sura. Nimekubali. Ningekataa, ningewaponza, na kusema kweli nilimwonea haya mzee wa watu. Hakunitolea neno hata moja baya.

Nimeanza leo leo. Jua, vumbi, inzi. Dume moja jekundu limenikanyaga mguu likaendelea kula. Mchana Goodness katuma ujumbe. Ile kampuni ya nje imemchukua yeye, na imekubali kumsubiri amalize miezi yake minane. Kumbe wanasubiri! Mimi sikuwahi kuwauliza. Nimemtumia pongezi, moyo unaniuma.

Lakini sijakata tamaa. Akili ya haraka haifi njaa. Kesho asubuhi, nikishamwamkia mjomba vizuri, nitamweleza taratibu kwamba tangu Mei nimeanza kuogopa ng'ombe.