Santuri ya Mzee Kornelio

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Mikumi.
Bahati hatimaye! Dada Ida, wa kampuni ya muziki ya Dar, anataka kuitoa upya santuri ya Mzee Kornelio wa Vidunda. Jazi ya gita tupu: mtu mmoja, gita moja, hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Kanda za awali zimepotea. Nakala safi iko Kilosa kwa Mama Perpetua, mke waliyeachana naye zamani. Atakayeileta, jina lake litaandikwa kwenye jalada. Godfrey, fundi redio, anasema tukamwombe tu. Kumwomba! Ndiyo maana hana maendeleo.

Jumanne, 5 Agosti. Kilosa.
Shikamoo, marahaba. Nikajitambulisha: Cleopa, mtaalamu wa kuondoa ukungu kwenye santuri. Huduma bure! Nikishaishika, moja kwa moja kwa Ida. Mama akaifunua kwenye kanga taratibu, kama anafunua mtoto aliyelala. Akanikabidhi, akaniomba nisiikwaruze. Mimi!

Jumatano, 6 Agosti.
Nimeahidi kusafisha, basi nikasafisha. Sabuni ya unga. Nikaianika juu ya bati, nikaenda kula wali. Jua la Kilosa halina utu. Nimekuta imejikunja kama bakuli! Nikaipiga pasi. Ikagandia pasi. Ee Mungu wangu.

Alhamisi, 7 Agosti.
Nimeirudisha. Mama Perpetua hakufoka. Heri angefoka. Akauliza kama bado inaweza kutoa sauti, hata kidogo. Nikasema hapana.
“Tangu Kornelio apooze mkono nataka kumpelekea aisikie,” akasema. “Nilikuwa nangoja hasira iniishe. Imeniisha mwaka huu.”
Nimetembea mpaka stendi bila kuona njia.

Ijumaa, 8 Agosti.
Nimemweleza Ida kwa simu kwamba ni kazi ya jua. Amesema hawangoji tena. Watatumia nakala chakavu waliyo nayo, inayotatarika kama mahindi kwenye kikaango. Jina langu halimo. La Godfrey limo, kwa kusafisha sauti!

Jumapili, 10 Agosti.
Silali, sili. Nimelia kanisani mpaka jirani akanipa pole ya msiba. Nikaapa: ujanja basi, milele. Kutoka nje, nakuta ujumbe wa Ida kwenye kundi letu la WhatsApp. Siku ya uzinduzi Mzee Kornelio atakaa mbele, Mama Perpetua amekubali kuja. Anauliza: nani huko Mikumi anaweza kumpigia mzee nyimbo zake?
Nimejibu “Mimi!” kabla Godfrey hajafungua simu.
Sasa natafuta wa kuniazima gita. Na wa kunionyesha linashikwa upande gani.